Samli Kwenye Majivu

"Unanunua au unanusa tu, dada?"

Muuza samli wa hapa Ushirombo alinicheka. Nilikuwa nimesimama mbele ya kibuyu chake, mwanangu mgongoni, kama mtu aliyepigwa kofi.

Nilipokuwa mdogo, mama alitupaka samli kama hiyo kila asubuhi, kama alivyopakwa na mama yake kule Rwanda kabla hawajakimbilia huku. Siku tulipokwenda wilayani, yeye na baba wale kiapo cha uraia, baba alimwambia, "Leo usinuke kikimbizi. Nuka kama watu wa hapa."

Basi mama alijisugua kwa sabuni ya mche mpaka shingo ikawa nyekundu. Akanisugua na mimi, nalia. Kisha akachukua kibuyu cha samli, akamimina yote kwenye majivu nyuma ya jiko.

Jioni tulirudi tukiwa raia. Baba alitabasamu njia nzima. Kisimani jirani yetu, mama wa Kisukuma, akatupokea kwa furaha na salamu ya kwao, "Mwadila! Wakimbizi wetu mmerudi?"

"Sisi ni raia sasa, mama," baba alisema.

"Haya bwana, wakimbizi raia!"

Kisima kizima kikacheka. Hata baba alicheka, na hilo ndilo ambalo sijamsamehe hadi leo. Yule jirani hakuwa na ubaya wowote. Ndilo linaloniuma zaidi.

Mama hakucheka. Alipita moja kwa moja hadi nyuma ya jiko, akachutama na gauni lake la kiapo, akapekua majivu kwa vidole.

Kuku walikuwa wameshaimaliza samli.