Waliosimama Njiani Giteranyi

Fundi cherehani Uthmani wa Magarama, mtaa wa mji wa Gitega, Burundi, alikuwa mtu wa hasira, wala hakuona haya kulisema hilo. Majirani waliomletea sare za shule walimjua vizuri: ukimkuta anapiga pasi kimya, kaa usubiri, ukimkuta anapiga pasi huku akigombana na watu wasiokuwepo, njoo kesho. Kifundo cha mkono wake wa kushoto hakikukunjika sawasawa, hivyo kitambaa alikizuia kwa kiwiko. Aliyeuliza alijibiwa, "Ni chuma ya London, ndugu yangu. Haikuwa aksida, nilipigwa."

Alizaliwa Gitega. Baba yake aliuza vitambaa mjini, na alikuwa na shamba la urithi Giteranyi, kule kaskazini ya Muyinga, karibu na mpaka wa Tanzania. Mwaka 1972, mwaka wa mauaji, watu walimpakia garini wakisema wana maswali mawili matatu tu. Hakuonekana tena. Mama akavuka kuingia Tanzania na Uthmani wa miaka kumi na minne, dada yake mdogo Pili akiwa mgongoni. Uthmani akajifunza cherehani Kigoma, akafika Dar es Salaam, akapata kazi ya jikoni kwenye meli ya mizigo, na mwaka 1985 akashuka London asirudi melini.

Huko alipata kazi kwa Mzee Morisi, Myahudi mkata makoti wa mashariki ya mji. Alipanga chumba juu ya duka la Mbangali mmoja, mhamiaji kutoka Bangladesh. Kila Jumapili, kwenye kona ya soko, wazungu walionyoa vichwa walisimama kuuza gazeti lao na kuimba kwamba watu weusi na Wabangali warudi walikotoka. Polisi waliwatazama, wakasema wanaimba tu. Kisha siku moja mchana kweupe wakavunja duka la Mbangali na kumpasua mkewe kichwa kwa chupa. Polisi wakaandika kwamba ni ulevi.

Uthmani alifika kazini na hasira. Mzee Morisi akaweka mkasi chini.

"Mwaka 1936," alisema, "watu wa mashati meusi, waliotuchukia sisi Wayahudi, walitaka kupita mtaani kwetu na bendera zao. Wakubwa wetu wakatuambia tufunge madirisha tukae ndani. Hatukukaa. Tulitoa meza, vitanda, magogo, tukaziba njia. Wapakuzi wa bandarini, Waayalandi, Wakristo watupu, wakaja kuziba pamoja nasi. Nani alikuwa amewagusa wao? Hakuna. Lakini walikuja. Na wale hawakupita."

Jumapili iliyofuata Uthmani alikuwa kwenye kona ya soko pamoja na wapaka rangi, walimu, makondakta wa mabasi na vijana wa Kibangali. Walifika mapema kuliko wauza gazeti, wakaijaza kona. Wiki baada ya wiki walipigana. Ndipo chuma kilipomvunja mkono. Na ndipo Uthmani naye alipomkanyaga kijana mmoja aliyekwisha kuanguka, akamkanyaga tena, mpaka alipouona uso ule umejaa damu akawakumbuka wanaume waliompakia baba yake garini. Jambo hilo hakulisimulia kwa kujisifu. Aliendelea kusimama na wenzake miaka mingine minne, mpaka wauza gazeti walipochoka wakaiacha kona, lakini hakumgusa tena mtu aliyelala chini.

Amani ilipopatikana Burundi alirudi Gitega, mwaka 2007, na cherehani mbili, akafungua duka Magarama. Mwaka uliofuata Pili naye alirudi kutoka kambi ya wakimbizi Tanzania, mjane mwenye watoto wanne, akaenda Giteranyi kwenye shamba la baba. Alimkuta mkulima aitwaye Egidius, aliyepewa shamba hilo na serikali zamani zile na kulilima miaka thelathini na kitu. Wazee wakawakalisha. Wakaligawa nusu kwa nusu, likapandwa uzio wa miti ya miyenzi katikati, na kila mmoja akashika jembe lake.

Hapo angetokea mtu wa kushukuru. Alitokea Josephat. Alikuwa na kilabu cha pombe na hamu ya kuchaguliwa, akakusanya vijana wenye baiskeli na filimbi. Kila siku ya soko walipita kwa wakimbizi waliorudi wakiimba, "Watanzania, rudini kwenu." Wakapaka milango yao misalaba ya rangi nyekundu. Wakachoma jiko la nyasi la Pili, na uji wa watoto ukiwa bado motoni.

Uthmani alipopata habari alifunga duka na kupanda gari la Muyinga siku hiyo hiyo. Alikwenda moja kwa moja kwa shefu wa kolini, mkuu wa kijiji.

"Tumelisikia," alisema shefu. "Lakini wale ni vijana, mzee. Wanaimba tu. Waambie watu wako wavumilie."

"Wanaimba tu?" Uthmani alisimama. "Bon, mi nilisikia ile wimbo London, mu kizungu. Iko wimbo moja tu dunia nzima! Leo rangi, kesho moto, kesho kutwa we unakuja na daftari kuhesabu maiti. Dada yangu alizaliwa mu hii nchi. Arudi wapi?"

Akatoka.

Nyumbani kwa Pili, Uthmani aliwakuta wanaume kumi na wawili waliorudi kama yeye. Kasiano, aliyekulia kambini, alikuwa akinoa panga.

"Mjomba, wewe umepigana Ulaya," alisema Kasiano. "Tufundishe. Wakija Ijumaa, siku ya soko, tuwakate."

Uthmani alimpokonya lile panga. "We, unajua panga ilifanya nini mu hii nchi? Unataka kumpa Josephat kile anachokitafuta? Akipata maiti moja tu, sisi wote tumekwisha. Hakuna panga, hakuna jiwe. Tutaenda mbele yao, tutajaza njia, na hatutatoka."

"Na wakitupiga?"

"Watatupiga. Mi sikusema haiumi."

Pili aliweka chini kikapu alichokuwa amebeba. Akasema, "Kaka, sisi ni wachache. Lazima tumwambie Egidius."

Wanaume wakaguna. Uthmani akamtazama dada yake, akaona aibu kwamba hakulifikiria yeye.

Ijumaa asubuhi waliijaza njia inayoshuka sokoni, wanaume na wanawake, wamepangana bega kwa bega. Filimbi zikasikika. Baiskeli arobaini zikasimama mbele yao, Josephat katikati na kipaza sauti cha betri.

"Tokeni! Tumekuja kuwatetea wenyeji walionyang'anywa mashamba! Tumekuja kumtetea mzee Egidius!"

Nyuma yake mtu akapiga kelele. Egidius alikuwa anapanda kutoka bondeni na mkewe, wanawe watatu na majirani wasiopungua ishirini, ambao hakuna hata mmoja aliyewahi kukimbia nchi. Akapita katikati ya baiskeli, akasimama upande wa Pili, akageuka.

"Josephat, nani alikutuma kunitetea? Mi nilikuomba? Itongo, hii shamba, tuligawa, mi na huyu mama. Jiko ulichoma, ilikuwa kwa jina langu? Usiweke jina langu mu mdomo yako!"

Jiwe moja likarushwa, likampata Uthmani begani. Kasiano akataka kuruka. Uthmani akamkamata mkono. Hakuna aliyetoka njiani. Wale vijana wakaanza kugeuza baiskeli, mmoja mmoja, kwa sababu kati ya watu wa Egidius waliwaona shangazi zao.

Na aliyekamatwa ni nani? Uthmani! Polisi walimweka kasho, yaani mahabusu, siku tatu kwa kufunga njia na kuvuruga usalama. Aliyechoma jiko hakuulizwa hata jina. Josephat alihamia tarafa nyingine, na huko, ndiyo, alipata cheo. Lakini Giteranyi misalaba ilifutwa, na hakuna aliyeondoka.

Miaka miwili baadaye bwana mmoja wa shirika la amani alifika Magarama kumpa Uthmani cheti. Kiliandikwa: Mfano wa Uvumilivu.

Uthmani alikisoma akakirudisha. "Mi sikuvumilia, bwana."

"Sasa tuandike nini, mzee?"

"Andikeni Egidius. Hakuna mtu alimgusa, lakini alikuja."