Dakika Moja kwa Ajili ya Bartal

Vendel Karsai alikuwa mtunza vyumba vya kuvulia nguo katika bafu la maji moto mjini Budapest. Alikuwa na miaka hamsini na minne, bega la kushoto limeshuka, funguo zikining'inia kiunoni. Wateja wakimtaka, walipiga makofi tu. Hakuna aliyejua kuwa huyo wanayempigia makofi ndiye bingwa wa kwanza wa kuvuka mto Danubi kwa kuogelea, na jambo hilo lilikuwa limemkaa kooni miaka thelathini na saba.

Kosa lilianzia shuleni. Enzi hizo walimu waliona mashindano ya kuogelea ni mambo ya sarakasi, na mwanafunzi aliyeonekana nusu uchi mbele ya watu alifukuzwa. Basi vijana wakawa wanaogelea kwa majina ya kuazima. Mji mzima ulijua mchezo huo, na mji mzima ulijifanya haujui. Vendel, mtoto wa fundi viatu, akajiita Bartal. Asubuhi moja ya Aprili mama yake alimpaka mafuta ya bata bukini ya kuzuia baridi kuanzia shingoni hadi nyayoni, akamsukuma mgongoni.

"Nenda. Na ukifa huko, nitakuua!"

Maji yalikuwa baridi ya kukata pumzi, lakini alifika ng'ambo mbele ya wote, akavishwa medali ya dhahabu. Wa pili alikuwa Ödön Lázáry, aliyekuwa akikaa naye dawati moja. Ödön aliogelea kwa jina lake mwenyewe, maana baba yake alikuwa mkubwa serikalini na shule isingethubutu kumgusa.

Kesho yake mwalimu mkuu aliwauliza wanafunzi Bartal ni nani. Aliyejua ni Ödön peke yake, naye akafunga mdomo. Vendel alimshukuru mpaka machozi yakamtoka. Mjinga wa watu!

Alikusudia kulirudisha jina lake akimaliza shule. Lakini baba yake alifariki, akarithi nyundo na ngozi. Kisha vita vikaja, risasi ikamvunja bega kwenye mapigano ya Galicia, asiweze tena kushika nyundo. Aliporudi, medali haikuwapo. Serikali ilikuwa imewaomba raia vitu vya thamani kwa ajili ya vita, na mama yake, mzalendo wa kupindukia, aliitoa, akapewa pete ya chuma kama shukrani.

Miaka ikapita, naye akawa mtunza vyumba bafuni; ndipo klabu ya waogeleaji ikatangaza kuwa itaweka ukutani, palepale bafuni, jiwe la kumbukumbu ya mabingwa wa mwanzo. Mwenyekiti wa klabu alikuwa Ödön. Vendel aliwadokeza wazee wanaocheza sataranji ndani ya maji moto kuwa Bartal ndiye yeye, nao wakacheka mpaka kete zikaanguka majini.

"Wewe?" alisema Gruber, kondakta mstaafu wa tramu. "Wewe ukiingia kwenye beseni tunaita zimamoto!"

"Mwambie Ödön," Terka, mke wa Vendel, alimhimiza nyumbani. "Anajua. Ana mdomo, aseme."

Jumamosi Ödön alikuja kuoga. Vendel alimfungulia chumba, lakini hakuondoka.

"Mheshimiwa, lile jiwe... Bartal."

"Vendel, ndugu yangu!" Ödön alimshika bega, lilelile bovu. "Unadhani nimesahau? Njoo kesho, uvae vizuri. Bartal atapata heshima yake mbele ya watu wote."

Usiku huo Terka alipiga pasi koti la harusi. Kwa furaha, Vendel hakupata usingizi.

Jumapili ukumbi wa bafu ulijaa. Pazia likavutwa, na jina la Bartal lilikuwa juu kabisa kwenye jiwe. Vendel akaanza kufunga kifungo cha koti, tayari kwenda mbele.

"Bartal alikuwa rafiki yangu," alisema Ödön, sauti ikimtetemeka vizuri sana. "Jina lake halisi alinikabidhi kama siri, nami siri ya rafiki siitoi. Alianguka vitani, Galicia. Leo, katika mabingwa wale, nimebaki mimi peke yangu."

Watu walimpigia makofi, na mwanamke mmoja akampa maua. Vendel alifungua mdomo. Atamwambia nani? Medali hana, mama hayupo, na shahidi wake pekee ndiye huyo mwenye maua. Chuki ilimpanda mpaka akahisi ladha yake ulimini.

"Tusimame dakika moja kumkumbuka marehemu," alisema Ödön, macho yake yakimtazama Vendel bila kupepesa.

Ukumbi mzima ukasimama. Vendel alibaki amekaa. Gruber akamshika chini ya kwapa, akamnyanyua.

"Simama, Karsai," alinong'ona kwa hasira. "Huna adabu? Mwenzio amekufa."

Akasimama.