Siyo Kifua, Wifi

Nikisikia harufu ya mawese yakichemka, nakumbuka uani kwetu Ujiji, siku mama alipotoka hospitali akiwa amekatwa titi. Majirani walikaa mkekani wakimpa pole kwa sauti za chini. Shangazi akawaambia kwamba mama alikuwa anaumwa kifua.

"Siyo kifua, wifi," mama akasema. "Ni kansa ya titi."

"Jamani, mtoto anasikia!"

"Na asikie. Mama yangu aliona aibu kusema, tukamzika."

Shangazi akainuka, akaondoka akijifunga kitenge upya. Mama hakumwita.

Kisha jirani mmoja, mkono ukiwa kifuani, akauliza, "Uvimbe wako ulianzaje?"

Mama akamsogelea, akafungua vifungo vya blauzi mbele ya wote, akamwonyesha.