Antena za Kifuani

Tangu tumzike mama, majirani zetu wa Mtongwe hunipa pole, kisha huongeza kwamba angalau alikuwa na mwana mtaalamu wa moyo. Naitikia kwa adabu. Kimoyomoyo nawatukana.

Mimi si daktari. Kazi yangu, huko ughaibuni, ni kubuni antena anazovalishwa mgonjwa kifuani kabla ya kuingizwa ndani ya sumaku kubwa ya kupigia picha za mwili. Sumaku ikizidi nguvu, mawimbi ya redio hufupika mwilini, yakagongana na kuuana, na picha ikatoka na kiza papo hapo penye moyo. Basi tunapanga antena nyingi, mbele na mgongoni, na kila moja tunaipa wakati wake wa kupiga, kama wanawake wanaotwanga kinu kimoja, mpaka mawimbi yafike moyoni yamepatana. Ukikosea unaunguza nyama. Miaka yangu mizuri imeishia katika kiza hicho kidogo.

Mama nilimwona kila Ijumaa kwenye simu. Dada yangu, aliyekuwa akiishi naye, ndiye aliyeishika, na alinionyesha uso tu: mtandio umefungwa vizuri, wanja machoni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Sijambo, alhamdulillahi."

Kwetu aliye mbali haambiwi maradhi, asije akaingiwa na wasiwasi. Mficha maradhi kifo humuumbua. Methali hiyo tunawafundisha watoto, halafu tunaficha. Niliporudi likizo bila kuwaarifu, nilimkuta mama kaegemea mito, miguu imevimba hadi magotini, na kila neno analitafutia pumzi.

Nilimfokea dada mbele ya wageni. Mama akanizuia.

"Usimlaumu dadako. Mimi ndimi n'lomkataza. Nalichelea utaiwata kazi, urudi nyumbani."

Kazi! Hasira ya siku ile ningali nayo, na sina wa kumpa.

Asubuhi yake tulivuka na feri, tukampeleka hospitali. Sumaku haikuhitajika. Daktari alimpaka mama mafuta kifuani, akapitisha kifaa kinachoenea kiganjani, akautazama moyo kwenye kioo kilichojaa alama za vidole. Umetanuka, alituambia, na umechoka sana. Kipimo hiki hiki kingalifanywa mapema, dawa zingaliusaidia.

Mama hakuwa akisikiliza. "Daktari, huyu mwanangu hutengeza mashine za kutazamia moyo," alisema, na sauti ikampanda kwa fahari.

Daktari akanigeukia. "Sasa mbona mmechelewa kumleta?"

Dada akainamisha kichwa. Nilitaka kusema kwamba sikuambiwa, niseme kwa sauti, aibu iwe yao. Lakini mama alikuwa amenikazia macho, anatabasamu, anangoja nimweleze daktari kazi yangu. Nikaanza kumweleza.