Buni Aliyoimeza Ndyamukama

Ndyamukama wa Kaisho alikuwa mtu wa kujisifu hata akiwa peke yake migombani. Mwaka ule wa 1981, rafiki yake Pastory alipochomwa pembe pajani na fahali, akavuja damu mpaka midomo ikawa ya majivu, Ndyamukama ndiye aliyeingia hospitali akiamuru wauguzi.

"Anahitaji damu upesi," alisema Egbert wa maabara, kijana wa Bukoba.

"Chukua yangu, na usinipotezee muda kwa kupima! Sisi ni ndugu wa omukago. Tulichanjana kitovuni, yeye akameza buni yenye damu yangu, mimi nikameza yenye yake. Damu yetu ni moja."

Fidele, kibarua wa Ndyamukama kutoka Burundi, aliyesaidia kubeba machela, akasogea. "Shikamoo, daktari. Na mimi nipime."

Ndyamukama akaangua kicheko. "Wewe? Pastory si ataamka anaongea Kirundi! Mkewe atamwelewaje? Hebu nenda kamalize palizi."

Fidele akaenda zake.

Egbert alipima hata hivyo. Tone la Ndyamukama lilipokutana kwenye kioo na maji ya damu ya Pastory, likafanya vidonge vidonge kama maziwa yaliyokatika.

"Haifai, mzee. Nikimwekea hii, namuua."

"Lakini nilimeza!"

"Ulichomeza kilisagwa tumboni kama ndizi. Chembe ya damu ikiwa bado changa, ndani ya mfupa, hujiundia protini. Kisha huunga sukari moja, na nyingine, na nyingine, ukawa mnyororo. Minyororo hiyo huning'inia kwenye protini zilizo ukutani kwa nje, kama shanga shingoni. Wewe, kundi A, una sukari moja ya mwisho ambayo Pastory wa kundi O hana. Mwili wake ukiiona, utaishambulia. Na kinachoiunga sukari hiyo umezaliwa nacho, hakiambukizwi kwa buni. Yuko nani mwingine?"

Hakuwapo mwingine. Kokubanza, mke wa Pastory, alikuwa mjamzito, siku zake zimekaribia. Ndyamukama alimtazama mama huyo, akatoka nje. Alirukia baiskeli.

Alimkuta Fidele ameinama na jembe. "Njoo," alisema, macho yakiwa chini. "Yangu imekataa."

Fidele alinawa miguu, akapanda nyuma kwenye keria. Tajiri akamwendesha kibarua wake milimani, watu wakitazama. Alikuwa akiomba tu Pastory awe bado anapumua.

Fidele alikuwa O.

Asubuhi Pastory alifumbua macho. Kokubanza akapiga magoti, akamshika Ndyamukama mkono kwa mikono miwili. "Umenirudishia mume wangu."

"Ndugu yangu," Pastory alinong'ona, "naisikia damu yako inatembea."

Ingekuwa rahisi kunyamaza. Ndyamukama aliutoa mkono wake mikononi mwa Kokubanza.

"Si yangu. Ni ya Fidele. Nilimfukuza hata kabla hajapimwa. Chupuchupu nikuue kwa maringo."

Pastory aligeuza kichwa kuelekea mlangoni. "Mlete basi nimwone."

"Hayupo. Yuko shambani."

"Shamba la nani?"

"Langu. Analima."

"Ametoa damu jana, leo umemrudisha jembeni?"

Ndyamukama aligeuka kwenda kuchukua baiskeli. Hata uji alikuwa hajampa Fidele.