Daraja la Mbao Saba

Mimi si mtu wa hadithi. Natengeneza redio na televisheni, na kazi hiyo humfundisha mtu kutafuta waya uliokatika kabla ya kutafuta pepo. Wakati huo nilikuwa pia shemasi katika kanisa la Sabato kule Nyakoe. Kwa hiyo ukipenda kutoamini, usiamini. Lakini niliyoyaona niliyaona nikiwa macho, nikiwa nimeshiba, kabla giza halijaingia.

Ilikuwa mwaka wa tisini na sita, mjini Kisii. Nilikuwa nimepanga chumba nyuma ya duka la mjane mmoja Mhindi. Watu wote walimwita Mama Vitambaa kwa sababu ya biashara yake, na Kikisii chake kilikuwa safi kuliko Kiswahili chake. Mwanawe wa kiume alikuwa akifanya kazi Kisumu. Nilidhani huyo ndiye mtoto wake wa pekee.

Alhamisi moja aliniletea mashine ya gemu, zile za zamani za kuunganishwa na TV, kanda yake ya plastiki imeng'ang'ania ndani.

"Fundi, hii ilikuwa stoo," alisema. "Tengeneza tu. Mimi nataka isikike vizuri."

Isikike. Nani hupeleka gemu kwa fundi ili isikike? Sikulitilia maanani.

Kusema kweli nilizidharau gemu. Isitoshe hii ilikuwa imeshapitwa na wakati. Picha zake zilikuwa vipande vya mraba, kama kitambaa kilichofumwa na mtu mwenye haraka. Ijumaa baada ya chakula cha mchana niliifungua kanda, nikaisafisha, nikachomelea waya mmoja, nikaiwasha. Ikatokea orodha ya washindi. Mistari yote ilikuwa sifuri, isipokuwa wa juu kabisa uliokuwa na herufi tatu: UMA. Nilitabasamu. Nilidhani ni Kiswahili, labda gemu ina mbwa. Jambo ambalo lingenishtua nililipita hivi hivi: kanda ile niliifungua kwa mikono yangu, na haikuwa na betri. Kanda ya namna hiyo husahau kila kitu ukizima umeme.

Gemu yenyewe ilikuwa hivi. Kijitu kidogo kimebeba ndoo ya maji kichwani, kinaruka kutoka jiwe hadi jiwe, gogo hadi gogo, kwenda kuzima nyumba inayoungua. Ukiruka kwa pupa maji yanamwagika. Ukifika bila maji, umeshindwa.

Mimi nilizaliwa Nyacheki. Nimepanda vilima na ndoo kichwani utoto wangu wote. Aliyetengeneza gemu ile, niamini, aliwahi kubeba maji. Ukitua vizuri ulikuwa unayasikia maji yakitulia ndani ya ndoo. Nilikusudia kuijaribu dakika tano. Mvua ya saa tisa ilinikuta hapo hapo, chai imepoa. Nilifurahi, sijui nisemeje, kama mtu aliyekutana ugenini na jirani wa zamani.

"Bwairire, tata."

Ndivyo tunavyoamkiana Kikisii mchana ukishageuka, mtoto akimwamkia baba. Mlangoni alisimama msichana wa Kihindi wa miaka kumi na minane hivi, sweta la kijani, nywele msuko mmoja mgongoni. Nilimdhani mgeni wa Mama Vitambaa. Nikamkaribisha, akaketi kwenye stuli kando yangu na kutazama TV. Nilikuwa nimefika mtoni, kwenye daraja la mbao saba.

"Mimi huanguka ubao wa tatu," alisema. "Kila siku ubao wa tatu."

"Kwa sababu unakimbia. Mtu aliyebeba maji hakimbii. Simama mpaka yatulie, ndipo uruke."

"Nikisimama ubao unavunjika."

"Unavunjika polepole. Subiri."

Nikampa pedi, kile kipande cha kushika na kubonyeza. Alianguka. Akaanguka tena. Hakuonekana kama mtu anayecheza; alionekana kama mtu anayefanya mtihani. Mwisho niliweka kidole gumba changu juu ya chake nimwonyeshe wakati wa kubonyeza. Kilikuwa cha baridi, baridi ya chuma kilicholala nje. Nilifikiri ni mvua. Ubao wa tatu ukapita, wa nne, wa tano. Kwenye wa sita niliona kana kwamba ameacha kupumua. Baadaye ndipo nilipofikiri kwamba sikuwa nimemsikia akipumua tangu aingie.

Akavuka. Akaifikia nyumba, akamwaga maji, moto ukazimika. Ukaanza muziki ambao sikuwa nimeusikia, mwembamba, mtamu.

"Kumbe ilikuwa hivyo tu," alisema.

Hapo Nyaboke, mshonaji wa chumba cha pili, alichungulia mlangoni. "Fundi, wewe umetoa wapi stima? Zimepotea mji mzima tangu saa kumi."

Nikatazama juu. Balbu ilikuwa imezimika. Redio yangu ilikuwa kimya. TV peke yake ndiyo iliyokuwa ikiwaka, na Nyaboke aliiona. Yuko hai hadi leo. Nikageuka kwa msichana. Stuli ilikuwa tupu, na chumba kile kina mlango mmoja, aliposimama Nyaboke. Nilipoitazama TV tena, ilikuwa nyeusi.

"Ulikuwa unaongea na nani?" Nyaboke akauliza.

Nje jua lilikuwa limeshazama. Sabato, ambayo huanza Ijumaa jua likizama, iliingia ikanikuta nimekaa mbele ya gemu.

Jumatatu nilimrudishia Mama Vitambaa mashine yake, nikamweleza yote. Nilipotaja zile herufi tatu alikaa juu ya robota la vitambaa.

"Uma ni mtoto yangu," alisema. "Malaria ilimchukua, miaka saba sasa. Hata hospitali alikuwa anasema daraja, daraja. Daktari alisema ni homa."

Kisha akaniambia kwa nini aliniletea. Jioni za mvua alikuwa akisikia muziki wa gemu stoo, hata pasipo stima, ukikatikakatika, ukikoma daima mahali pamoja. Hakuogopa. Alitaka tu kuusikia vizuri.

"Alivuka?" akaniuliza.

"Alivuka."

Alikunja kitambaa kilichokuwa kimekunjwa tayari. "Hiyo ni vizuri, fundi," alisema. Lakini hakunitazama.

Tuliiwasha pamoja. Orodha ilikuwa sifuri tupu, juu hadi chini. Wiki ile ilinyesha kila siku, na kila jioni nilimwona ameweka kiti kando ya mlango wa stoo. Hakusikia kitu. Mwaka uliofuata alihamia Kisumu kwa mwanawe. Hakunilaumu hata mara moja, na mimi ningependelea anilaumu.

Kanisani nilikiri kwamba nilivunja Sabato, wazee wakaniweka kando kwa miezi kadhaa; mengine sikuwaeleza. Kidole gumba changu cha kulia hakisikii moto tangu siku ile. Chuma cha kuchomelea kikikigusa, najua kwa harufu. Mke wangu amenipeleka kwa madaktari, nao hawaoni kasoro.

Basi nawe, ukiletewa kitu cha marehemu ukitengeneze, kitengeneze ukirudishe. Na ukikuta jambo ambalo mwenyewe aliliacha katikati, usilimalize kabla ya kuuliza kama kuna mtu anayeishi kwa kulisikia. Mimi sikuuliza. Nilikuwa naifurahia gemu.