Waliowahi Kuacha Divai

Kwa miaka arobaini na mbili Guliko alisafisha mitungi ya divai iliyozikwa chini ya sakafu ya nyumba yao, huko Kakheti, nchi ya mizabibu, na kazi hiyo ilimfunza kutoamini harufu nzuri ya juu juu. Aliinama ndani ya mtungi mpaka mabega, akanusa kitako chake, ndipo akasema umetakata. Watu nao aliwanusa hivyo hivyo, mumewe Shakro akiwa wa kwanza.

Tangu mavuno Shakro alikuwa akisimama mara mbili akipanda ngazi kumi na moja za nyumba yake. Akiulizwa, anasifia milima, kana kwamba amesimama kuitazama. Daktari wa mjini Telavi alimwambia aache divai mpaka vipimo vya moyo vitoke, naye akarudi nyumbani akimcheka.

"Binti kasoma vitabu tu yule," alisema. "Glasi mbili na chakula ni dawa ya moyo. Mtazame Ilo. Kaacha divai mwezi wa pili, wa nne tumemzika. Haya, nihesabie wasiokunywa hapa kijijini, kama kuna aliyefika sabini."

Guliko akawahesabu kweli, huku akikanda unga. Walikuwa watano, na wote walikufa mapema. Jambo hilo lilimkera, maana Shakro akiwa na haki hujigamba mpaka hakukaliki naye chumba kimoja. Kisha akajiuliza jambo ambalo hakuna mwanamume wa kijiji aliyejisumbua nalo: hao watano waliacha lini? Ilo aliacha miguu ilipoanza kuvimba. Fundi viatu aliacha alipotapika damu. Mahali ambapo mgeni hunyweshwa kabla hajavua koti, nani aliwahi kuacha akiwa mzima? Divai yenyewe hakuilaumu wala hakuitetea. Aliyemshuku ni mumewe, kwamba anaficha ugonjwa.

Siku ya arobaini ya Ilo walikaa kwenye meza ndefu, wali wa kondoo ukifuka mvuke. Zaur, jirani aliyeongoza meza, akasimama akataja jina la marehemu. Kila mtu akadondosha divai kidogo juu ya kipande cha mkate, fungu la marehemu, kisha akanywa iliyobaki. Shakro naye akadondosha. Akaendelea kudondosha, taratibu, mpaka mkate wote ukalowa na glasi ikawa tupu. Zaur alipomjia na jagi, akaifunika glasi kwa kiganja.

"We Shakro, acha utani wako," Zaur alisema. "Mezani pa Ilo?"

"Leo basi, ndugu yangu."

Zaur akalishusha jagi, na sauti yake ikashuka nalo.

"Unaumwa tangu lini?"

Shakro hakumjibu yeye. Alimgeukia mkewe.

"Tangu mavuno, Guliko."

Miezi yote hiyo Guliko alikuwa ameshuku, na sasa ilimuuma kuona kwamba hakukosea. Akautafuta mkono wa mumewe chini ya meza. Ulikuwa wa baridi, na hakuuachia mpaka watu walipoanza kuinuka.